Majina Yaliyojaza Sanduku la Maji

Sitamtaja mtu kwa jina hapa. Si kwa sababu ya adabu. Adabu ninayo hadi imepita kiasi, ndiyo maana siongei. Ni kwamba majina yaliwahi kutunyima maji ghorofa ya tano, na tangu hapo nikimsikia mtu akijitambulisha kwa majina yote matatu na cheo mbele, macho yangu yanatafuta mlango.

Ploti yetu, jengo la kupanga, iko Tassia. Nyumba ni ishirini na nne, nne kila ghorofa ukihesabu na ile ya chini, na sisi tuko juu kabisa, mlango wa mwisho. Baba ni dereva wa lori la kwenda Malaba, mpakani, kwa hivyo nikisema sisi namaanisha mama na mimi. Maji huja Jumanne na Jumamosi, yakijisikia. Yanaingia kwenye tangi lililozikwa chini ya uwanja, kisha pampu inayasukuma juu, na kila nyumba inajaza dramu yake. Zamani keateka, mtunza ploti, ndiye aliyekuwa anapanda ngazi na spana akifungua valvu za nyumba moja moja, na kila siku ya maji alitukanwa kuanzia chini hadi juu, kisha akashuka akitukanwa tena. Siku moja akamwambia landlodi kwamba amechoka. Hapo ndipo Injinia alipoingia.

Injinia si injinia. Yuko chuo, bado anasoma, na hukaa kwa babake mlango wa kwanza ghorofa ya chini. Babake ni mzee wa kanisa, mtu ambaye hata akikusalimu unahisi umesomewa tangazo. Injinia alimshawishi landlodi anunue valvu za umeme, moja kwa kila nyumba, na yeye akatengeneza sanduku jeupe la plastiki lililopigwa misumari pale ngazi zinapoanzia. Ndani mna chipu ndogo. Mbele mna kioo chembamba cha kuandika mistari miwili. Sanduku linafungua valvu ya nyumba ya kwanza, linangoja dakika za kutosha kujaza dramu, linafunga, linakwenda ya pili, hivyo hivyo mpaka kwetu. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, hilo siwezi kulikataa. Mawazo mazuri huwa hayachagui watu.

Wiki ya kwanza kioo kiliandika NYUMBA 1, kisha NYUMBA 2, na maji yakafika hadi kwetu. Mama alisimama jikoni akisikiliza dramu ikijaa kama anayesikiliza redio. Alikuwa mjamzito, na huko kliniki walikuwa wamemwambia kwamba kondo la nyuma limekaa chini, pale lisipofaa kukaa, na kwamba asibebe kitu chochote kizito, hata kama ni kwa mara moja tu. Mama ni mtu wa kuitikia sana. Aliitikia yote. Kwa hivyo lile sanduku, kwetu, halikuwa mchezo wa teknolojia. Lilikuwa ndilo linalomzuia mama kushika mtungi.

Basi wiki ya pili Mzee wa Kanisa akamwambia mwanawe kwamba si heshima mtu wa umri wake kuitwa nyumba. Kioo kikaandika KARIBU MZEE WA KANISA, na majina yake matatu yakifuata. Kilichotokea baadaye angekijua mtu yeyote aliyewahi kuishi kwenye ploti. Mama mwenye duka wa ghorofa ya pili alisema yeye ameishi hapo muda mrefu kuliko huyo mzee. Jamaa anayeuza dawa kwenye kemisti akataka Daktari. Yule aliyewahi kugombea kiti cha wadi akapata kura za nduguze, na si wote, akataka Mheshimiwa. Mmoja aliomba mstari wa Biblia baada ya jina lake, na jirani yake, kwa sababu hawezi kushindwa na mtu kwa Biblia, akaomba miwili. Injinia hakumnyima mtu. Alikuwa anaongeza tu, akisimama hapo ngazini na laptopu kwenye mkono kama mhudumu wa hoteli anayeandika oda. Kioo kina nafasi ya herufi kumi na sita, kwa hivyo vyeo vilipita vikijivuta polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Jina la Mheshimiwa lilichukua muda mrefu kupita kuliko msafara wowote atakaowahi kuwa nao.

Na watu wazima walikuwa wanashuka kuangalia! Wanaacha sufuria jikoni, wanakuja kusimama mbele ya kisanduku kusubiri kiandike jina ambalo wamekuwa nalo tangu kuzaliwa.

Hata mama. Inaniuma kuandika hivyo, lakini hata mama. Hapa ploti anaitwa kwa jina langu, Mama Fulani, kama wanawake wote. Yeye hakutaka hilo. Alitaka jina lake la nyumbani, lile alilopewa na mamake, nyanya yangu, na ambalo tangu aolewe analitumia nyanya peke yake, kwa simu. Alimwomba Injinia kwenye ngazi huku akicheka na mkono ukifunika mdomo, kama mtu anayetania, ili akikataliwa iwe ni utani. Injinia akaliandika. Lilikuwa la mwisho kuingia.

Jumanne iliyofuata maji hayakufika kwetu.

Wala Jumamosi. Kioo kilikuwa kinafika ghorofa ya nne, kinaganda katikati ya cheo cha mtu, kinazimika, kisha kinawaka tena: KARIBU MZEE WA KANISA. Sanduku lilianza upya kutoka chini kana kwamba hakuna aliyepata. Ghorofa ya chini walipata maji mara mbili. Mzee wa Kanisa akaanza kuosha gari lake siku za Jumanne, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ghorofa ya kwanza hawakulalamika. Ya pili hawakulalamika. Kwenye kundi la WhatsApp la ploti, sisi wa ghorofa ya tano tulipouliza, tulijibiwa kwamba ni presha ya maji, tuvumilie, na mtu akaweka picha ya njiwa.

Nikawa nachota mimi. Keateka hufungua bomba la uwanjani siku ya maji kuanzia asubuhi na kulifunga mchana, na Jumamosi nikitoka shule mapema nililiwahi. Nilipanda na kushuka na mitungi mpaka dramu ikajaa. Lakini maji ya Jumamosi hayafiki Jumamosi nyingine, na Jumanne mimi huwa shuleni bomba likiwa wazi, na nikirudi limefungwa. Nilimwambia mama, mama, usithubutu. Akaitikia.

Watu walipozidi kuuliza, Injinia alikasirika. Akaibandika programu yote kwenye lile kundi, ndefu kama risala ya mazishi, na chini akaandika: anayeona kosa alionyeshe. Watu wakampigia makofi ya emoji. Hakuna aliyesoma. Mimi nilichukua simu ya mama nikakaa kitandani nikaisoma kutoka juu hadi chini.

Najua kusoma vitu hivyo kwa sababu ya klabu ya kompyuta shuleni, ambako kuna chipu moja ya aina hiyo hiyo na wanachama wengi mno. Muhula mzima wameitumia kuwasha na kuzima kitaa kidogo chekundu. Kinawaka, kinazimika. Mwenyekiti wa klabu anaita hiyo utafiti, na ana mpango wa kutafuta cha kijani. Mimi hukaa nyuma na siulizwi kitu. Wakienda kula, mimi hubaki nayo.

Chipu ile ina sehemu mbili za kuweka vitu, na mtu asipolielewa hilo heri auze mayai. Kuna ghala, ambamo programu yenyewe inakaa. Ni kubwa kiasi, na kilichomo humo hakibadiliki chipu ikiwa kazini. Halafu kuna meza ya kufanyia kazi. Hiyo ni ndogo ajabu: herufi elfu mbili na kitu, basi. Shangazi yangu hutuma dua ya kufowadiwa kila Jumatatu, ile yenye maua na onyo kwamba usipoituma kwa watu kumi utapata hasara. Dua hiyo peke yake ingeijaza meza na kumwagika sakafuni.

Sasa msomi wetu alifanya nini na meza hiyo? Kwanza, ili kukumbuka nani amepata maji, aliandika maneno. AMEPATA MAJI. BADO HAJAPATA MAJI. Maneno mazima, kwa kila nyumba, yamelazwa mezani kwa ajili ya chipu isiyojua kusoma. Swali lenyewe lina majibu mawili tu, ndiyo au la, na kwa jibu la namna hiyo swichi moja inatosha. Nafasi ya herufi moja ndani ya chipu ina swichi nane. Nyumba ishirini na nne, basi, ni nafasi ya herufi tatu. Ploti yetu nzima, pamoja na Mheshimiwa na Daktari na mistari yao ya Biblia, kwa kile ambacho chipu inahitaji kujua juu yao, inaingia katika nafasi ndogo kuliko neno "sisi". Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, na mama akauliza ninachat na nani.

Halafu zile salamu. Kila nyumba ikifikiwa alikuwa anashona salamu upya: anachukua KARIBU, anaunganisha cheo, anaunganisha jina, anaunganisha mstari, na kila kiunganisho kinatengewa nafasi mpya mezani. Cha zamani kikiondolewa kinaacha pengo. Mtu anayekwenda kanisani anajua shida hii. Watu wamekaa kwenye benchi wakiachiana mapengo, hapa nafasi ya mmoja, pale ya mmoja, kisha inakuja familia ya watu sita inayotaka kukaa pamoja. Ukihesabu nafasi zote zipo. Lakini familia haiketi. Ikifika ghorofa ya nne, meza ya Injinia ilikuwa mapengo matupu, na salamu iliyofuata haikupata pa kukaa.

Na kama hiyo haitoshi, alikuwa anapima kina cha tangi la chini kila baada ya muda mfupi, ili pampu isije ikanyonya hewa, na kila kipimo alikiweka. Vyote tangu alfajiri. Vya nini? Hakuna anayetaka kujua saa kumi na moja jioni kwamba asubuhi tangi lilikuwa na kina gani. Siku zile za kuchota uwanjani, kwa sababu uwanja ni mwembamba, mitungi hupangwa kwa mduara kuzunguka bomba, na kinachotembea ni mpira wa maji, siyo mitungi. Mtungi ukijaa, mwenyewe anauondoa, na aliyechelewa anaweka wake kwenye pengo hilo hilo, zamu inazunguka. Hakuna anayesukuma mitungi yote mbele kwa sababu mmoja umejaa. Na vipimo ni vivyo hivyo. Unatenga nafasi nane, unakuwa na alama inayozunguka, na kipimo kipya kinakaa juu ya kile kilichozeeka zaidi. Nane zinatosha. Injinia alipita katikati ya mitungi hiyo kila Jumanne akienda chuo, akiinua suruali isirukiwe na maji.

Kwa hivyo nilijua. Nilijua kosa liko wapi, na nikaanza kuandika programu yangu shuleni saa za chakula, fupi, bila jina la mtu hata mmoja, namba tupu. Niliijaribu kwenye chipu ya klabu, ikazunguka nyumba zote bila kuganda, na nikaizungusha tena na tena kwa raha tu. Halafu nikarudi nyumbani nikapita mlango wa Injinia bila kubisha. Nilipita hivyo siku nyingi. Niliandika ujumbe kwenye lile kundi kwa simu ya mama, nikaufuta. Niliwadharau wote mle ndani, na nilikuwa nawaogopa wote pia. Dharau haimpi mtu ujasiri, inampa tu kitu cha kufanya akiwa kimya.

Jumanne moja nikarudi kutoka shule nikakuta ngazi zina maji. Matone, kuanzia ghorofa ya kwanza. Ya pili, ya tatu, matone yanaongezeka kama ya mtu anayechoka. Kwenye kona ya ghorofa ya nne ulikuwa mtungi wetu wa njano, ule mdogo, umesimama peke yake, umefungwa vizuri na kifuniko chake kilichopasuka.

Mama alikuwa ndani kwa jirani wa ghorofa hiyo ya nne, amelazwa kwenye kochi na miguu imewekewa mito. Damu ilikuwa imetoka. Jirani alikuwa ameshaita gari. Mama aliponiona akaanza kujitetea kabla sijasema neno: ulikuwa mdogo ule mtungi, hakuujaza sana, alitaka tu kuosha sare yangu.

Kliniki walimpima wakasema mtoto yuko, moyo unapiga. Walisema pia kwamba mara ijayo huenda wasiseme hivyo. Alale, asisimame ila kwa kwenda msalani. Tulirudi, na wanaume wawili wa ploti wakampandisha kwa kiti cha plastiki. Mheshimiwa alisimama pembeni akielekeza.

Kesho yake jioni nilibisha mlango wa kwanza.

Injinia alifungua akiwa na sikio moja lina earphone. Akaniangalia kama mtu aliyetumwa chumvi.

"Imejaa," nikamwambia.

"Nini imejaa, siste?"

"Memori. Ikifika ghorofa ya nne inajaa, inazima, inaanza upya. Ndiyo maana nyinyi mnapata mara mbili."

Alicheka, si kwa ubaya, kwa ule upole wa kumcheka mtoto anayevaa viatu vya babake. Akasema hayo ni mambo ya presha. Kisha akasema, hata kama ni memori, si kazi ngumu, landlodi anunue chipu kubwa zaidi.

"Kubwa pia itajaa," nikasema. "Itachelewa tu."

"We uko form ngapi?"

"Mama yangu alitokwa na damu jana kwa hizo ngazi," nikasema. Nikamnyooshea karatasi nilizoandikia programu.

Akatoa ile earphone. Nitampa haki yake kwa hilo. Alizisoma hapo mlangoni, mwanzo akitabasamu, baadaye bila kutabasamu. Alipofika kwenye zile nafasi tatu za ploti nzima, alirudi nyuma akasoma tena. Alisema tu, "Ingia, uandike mwenyewe, mwandiko wako ni mdogo."

Niliandika kwenye laptopu yake, mezani kwa Mzee wa Kanisa, juu ya kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda. Tukashuka, yaani tukatoka nje hatua mbili, tukaiingiza kwenye sanduku na kulijaribu bila maji. Kioo kikaandika 1. Kikaandika 2. Kikaenda moja kwa moja hadi 24 na kurudi, bila kuganda. Nilihisi kitu kifuani ambacho sijawahi kukihisi nikiwa na watu.

Kisha watu wakaanza kushuka.

Mzee wa Kanisa, ambaye hana ngazi ya kushuka, ndiye wa kwanza kutokea. Alikisogelea kile kioo. "Kwa hivyo mimi ni moja," akasema. Ungedhani moja ingemfurahisha. Daktari wa kemisti alisema hata jela mtu huachiwa jina lake karibu na namba. Mheshimiwa akataka kujua ni kamati gani iliyokaa kupitisha jambo hilo. Lakini aliyeimaliza kesi ni mama mwenye duka, aliyeshuka na mwiko mkononi. "Mimi nilihamia hapa hii ploti ikiwa na ghorofa mbili na mbuzi," akasema. "Leo naitwa kumi na moja?"

Waliongea wote kwa pamoja. Walijua kwamba mama amelala juu. Walikuwa wamemletea uji na machungwa, mama mwenye duka mwenyewe alikuwa amempikia. Watu hao hao. Huwezi hata kuwachukia vizuri. Nilitazama viatu vyangu, na Injinia, ambaye hajawahi kumnyima mtu, akasema basi, atarudisha ile ya zamani.

Nikamshika mkono wa laptopu. Sikupanga kufanya hivyo. Nikamwambia kwa sauti ya chini aniachie mpaka saa ya chakula cha jioni, na nikaingia tena kwao bila kukaribishwa.

Hasira inasaidia kufikiri, ikiwa huna mtu wa kumwonyesha. Nilikaa mbele ya yale matunda nikijiambia kwamba hawa watu ni wajinga, wanataka majina yao yabebwe kila mahali. Na hapo ndipo nilipoona. Majina yao hayabadiliki. Mzee wa Kanisa atakuwa Mzee wa Kanisa Jumanne na Jumamosi na mpaka afe. Kwa nini yakae mezani? Kinachobadilika kwa kila mtu ni kitu kimoja tu, amepata au hajapata, na hicho nilishakitafutia nafasi. Majina yote na vyeo vyote na Biblia yote ningeweza kuviacha ghalani, vikae huko vimelala. Zamu ya mtu ikifika, chipu inachungulia ghalani, inachukua herufi moja, inaionyesha, inaisahau, inachukua inayofuata. Meza haijui hata kwamba Mheshimiwa amepita.

Nilivirudisha vyote. Kila cheo, kwa tahajia yao. Mara moja nilijaribiwa kuipunguza ile mistari miwili ya Biblia iwe mmoja, nikaiacha. Zile swichi ishirini na nne niliziweka kwenye kona ndogo ya chipu ambayo haisahau hata stima ikipotea, ili sanduku likizimika lianzie pale lilipoachia, lisimrudie mzee kumwoshea gari. Jina la mama nililiandika la mwisho. Vidole vilikwama kidogo, maana sijawahi kuliandika popote.

Jumamosi nilirudi kutoka shule nikakuta maji yako ghorofa ya tatu. Sikupanda. Nilisimama hapo chini mbele ya sanduku katikati ya watu wanaosubiri majina yao, mimi niliyekuwa nawacheka kwa jambo hilo hilo, na nikasubiri. Cheo cha mtu wa ghorofa ya nne kikapita, pale kilipokuwa kinagandia. Hakikuganda. Kikafuata kingine, na kingine. Injinia alikuwa akimweleza keateka kwamba ameiboresha, kwamba hii sasa ni toleo la pili, na kwamba kulikuwa na changamoto za kitaalamu. Aliponiona aliangalia pembeni, kisha akaongeza kwamba alisaidiwa kuchapa.

Mzee wa Kanisa alikuwa na neno pia. "Tuliiombea sana hii mashine," akaniambia.

"Amina," nikasema.

Kisha kioo kikawa kitupu kidogo, na KARIBU ikaanza kuingia kutoka kulia, na nyuma yake jina la mama, herufi moja moja, hadi mwisho. Juu kabisa, ukinyamaza, ungeweza kusikia bomba la jikoni kwetu likikohoa hewa. Nilipanda ngazi mbili mbili. Zilikuwa kavu.

Mama alikuwa amelala upande wake wa kushoto kama alivyoagizwa, uso kwenye mlango wa jikoni, ambako dramu ilikuwa imeanza kulia ile sauti ya chini ya mwanzo.

"Kimeandika?" akauliza.

"Kimeandika."

"Lote?"

"Lote."

Akafumba macho. Nikaenda kusimama karibu na dramu, nifunge bomba kabla haijamwagika.